Ubao wa Mitambo na Lugha ya Wanaousoma: Maoni Kuhusu Usasishaji wa Istilahi Kiwandani

1.0 Utangulizi

Katika mijadala yetu juu ya uundaji wa istilahi za Kiswahili tumezoea kushughulikia darasa, ofisi, mahakama na kitabu. Kiwanda tumekisahau. Madhumuni ya makala haya ni kukirudisha kiwanda katika mjadala huo kwa kupitia mlango mmoja mdogo, yaani ubao wa kompyuta unaoonyesha hali ya mitambo na uzalishaji. Ubao huo, ambao baadhi ya watu wameanza kuuita dashibodi kwa kuufananisha na ule ulio mbele ya dereva, hupokea taarifa kutoka kwenye vihisi vilivyofungwa katika mota, mikanda na mizani, huzihifadhi katika seva, kisha huzionyesha kwa njia ya wavuti kwenye skrini iliyo ukutani, mezani kwa meneja, au katika simu ya mwenye mali aliye mbali. Humweleza msomaji ni mtambo upi unaofanya kazi, upi umesimama, tangu lini, kwa sababu gani, na bidhaa kiasi gani imetoka.

Mbao za namna hii husasishwa mara kwa mara, na usasishaji huo hufikiriwa kuwa kazi ya mtengeneza programu peke yake. Hubadilishwa rangi, michoro na kasi ya kupokea taarifa. Maneno huachwa mwishoni, yakatafsiriwa kwa haraka kama yatatafsiriwa. Maoni ninayoyatetea hapa ni kwamba, mahali ambapo wanaoendesha mitambo ni wasemaji wa Kiswahili, usasishaji wa ubao ni kazi ya lugha kabla haujawa kazi ya programu, na kwamba istilahi zake hazina budi kutoka katika usemi wa wafanyakazi wenyewe, zikiifuata sarufi ya kitenzi cha Kiswahili. Mambo yakiwa kinyume cha hivyo, hasara humfikia mfanyakazi katika posho yake na mkulima katika malipo ya mazao yake.

2.0 Kisa cha Kiwanda Kimoja

Nilikuwa Mabira, ambayo kwa sasa imo katika Wilaya ya Kyerwa iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, katika shughuli ya kukusanya msamiati wa kazi zinazohusu kahawa. Huko, kama ilivyo katika sehemu kubwa ya Mkoa wa Kagera, mkulima huvuna matunda ya kahawa, huyaanika mpaka yakauke na ganda lake, na kinachopatikana huitwa kahawa ya maganda. Kahawa hiyo hupelekwa kukobolewa kiwandani, na kinachotoka huitwa kahawa safi. Kwa kahawa ya aina ya robusta, uzito wa kahawa safi huwa takriban nusu ya uzito wa maganda yaliyoingia. Nusu hiyo ikiongezeka au ikipungua kwa asilimia chache, tofauti huonekana mfukoni mwa mkulima.

Kutoka Mabira nilifuata kahawa hadi kiwanda kimoja cha kukoboa, ambacho sitakitaja wala kutaja mahali kilipo. Kazi yake ni ya kawaida: maganda hupimwa uzito na unyevu, husafishwa na kutolewa mawe, hukobolewa, hupepetwa, huchekechwa ili kupata madaraja, huchambuliwa, kisha hutiwa katika magunia na kushonwa. Kwa miaka mingi msimamizi wa zamu alikuwa akiandika kwa chaki, katika ubao mweusi, magunia yaliyoingia na yaliyotoka, saa ambazo mtambo ulisimama, na sababu. Baadaye ukafungwa ubao wa kompyuta kwa Kiingereza. Wafanyakazi wachache waliusoma. Wengine walizikariri rangi zake tu. Hatimaye mwenye kiwanda aliomba usasishwe uwe kwa Kiswahili. Nia hiyo ilikuwa njema na inastahili kusifiwa.

Yaliyotokea ni haya. Maneno yote ya ubao yaliingizwa katika programu ya kutafsiri, yakatoka Kiswahili bila kupitiwa na mtu aliyewahi kusimama kando ya kinu. Mtambo unaofanya kazi uliandikwa INAKIMBIA. Mtambo usio na kazi kwa wakati huo uliandikwa MVIVU. Muda ambao mtambo haufanyi kazi uliitwa MUDA WA CHINI. Kiasi cha kahawa safi kinachopatikana kutokana na maganda kiliitwa MAVUNO, neno ambalo kwa kila mtu wa Kagera lina maana moja tu, nayo iko shambani. Na kila mtambo uliosimama, kwa sababu yoyote ile, uliandikwa IMESIMAMISHWA.

Watu walicheka kwa siku mbili tatu, kisha wakaacha kuusoma. Nyuma ya mlango wa bati wa ghala la mafuta nilikuta orodha ndefu iliyoandikwa kwa chaki: saa, dakika na sababu, kama ilivyokuwa zamani. Wafanyakazi walikuwa wamejitengenezea ubao wao.

Mwisho wa mwezi taarifa ya kompyuta ilitolewa. Zamu ya usiku ilionekana kuwa na dakika nyingi za IMESIMAMISHWA kuliko zamu ya mchana, na uongozi ukaamua kuwakata posho waliokuwa zamu. Nilikuwapo msimamizi wao alipojitetea. Alisema kwa sauti ya chini, akinielekea mimi kama shahidi wa lugha: "Mwalimu, sisi hatukuisimamisha. Ilisimama." Kisha akaomba mlango wa bati ufunguliwe na usomwe. Sehemu kubwa ya dakika zile zilikuwa za umeme kupungua nguvu hata mota ikajizima kwa usalama wake. Shauri likaisha. Hata hivyo, lisingalianza kama ubao ungalisema kile ambacho Kiswahili kingeweza kukisema bila taabu.

3.0 Mnyambuliko wa Kitenzi na Suala la Lawama

Utetezi wa msimamizi yule ulikuwa utetezi wa kisarufi, na ulikuwa sahihi. Kitenzi simama hakina mtendewa, na hakidai kuwapo kwa mtu aliyesababisha. Kikiongezewa kiambishi cha usababishi huwa simamisha, na hapo msababishi huingia. Kikiongezewa tena kiambishi cha utendwa huwa simamishwa: msababishi hatajwi, lakini msikilizaji anajua kwamba yupo. Kwa hiyo, ubao unaosema kwamba mtambo umesimamishwa umekwisha kutoa hukumu kwamba kuna mtu aliyefanya jambo hilo. Kilichobaki ni kumtafuta. Ni jambo la kusikitisha kwamba kitenzi hichohicho ndicho tunachokitumia kwa mfanyakazi aliyeondolewa kazini kwa muda.

Tofauti hii inajulikana na kila msemaji wa Kiswahili, hata asiyewahi kukanyaga darasa la isimu. Mpangaji anayemwambia jirani kwamba umeme umekatika na yule anayesema kwamba umeme umekatwa wametoa habari mbili tofauti kabisa: wa kwanza anatazamia urudi wenyewe, wa pili ana deni. Kiambishi -ik- cha kutendeka humwondoa mtenda katika tukio. Kiambishi -w- cha kutendwa humweka pembeni lakini humbakiza. Ndivyo ilivyo kwa zimika na zimwa, vunjika na vunjwa, zibika na zibwa.

Hapa ndipo nionapo kwamba Kiswahili kina faida ambayo hatujaitumia. Lugha iliyoandika ubao wa awali ilitumia neno moja kwa hali zote za kusimama. Ili kujua sababu, msomaji alilazimika kufungua ukurasa mwingine na kutafuta namba ya hitilafu. Kitenzi cha Kiswahili kinaweza kubeba sehemu kubwa ya habari hiyo katika neno moja: imezimika (nguvu za umeme zimekwisha au zimepungua), imezimwa (mtu ameizima), imekwama (kuna kitu kimeizuia), imeharibika (inahitaji fundi), imepumzishwa (imesimama kwa ratiba), inasubiri kahawa (iko tayari lakini haijalishwa). Wafanyakazi wa zamu walinipa maneno haya yote kwa muda usiozidi robo saa, bila kamati na bila kamusi. Aidha, hawakuhitilafiana isipokuwa juu ya moja, nalo ni hali ya mtambo unaozunguka bila kitu ndani; wengine walisema inazunguka bure, wengine inazunguka tupu.

Uchaguzi wa neno huathiri hesabu pia. Viwanda vingi duniani hupima ufanisi wa jumla wa mtambo kwa kanuni aliyoieneza Mjapani Seiichi Nakajima katika miaka ya 1980: muda ambao mtambo ulikuwa kazini, kasi yake, na ubora wa kilichotoka, vyote vikihesabiwa kama sehemu ya kile kilichotarajiwa, huzidishwa pamoja. Mtambo uliokuwa kazini kwa asilimia 90 ya muda, kwa kasi ya asilimia 80, na ubora wa asilimia 95, una ufanisi wa asilimia 68.4. Katika hesabu ya muda, kusimama kwa ratiba hakuhesabiwi kuwa hasara, bali kusimama kusikotarajiwa huhesabiwa. Tuchukue zamu ya dakika 720, yenye dakika 60 za mapumziko ya ratiba na dakika 66 za kukwama. Muda uliotarajiwa ni dakika 660, uliotumika ni 594, na jibu ni asilimia 90. Lakini ubao usiotofautisha imepumzishwa na imekwama utagawanya 594 kwa 720 na kupata asilimia 82.5. Hakuna mashine iliyobadilika, wala mtu aliyezembea. Kilichokosekana ni neno moja.

4.0 Ngeli na Saa

Kuna matatizo mengine mawili ambayo mtengeneza programu aliyezoea Kiingereza hawezi kuyaona mpaka aonyeshwe.

La kwanza ni upatanisho wa kisarufi. Katika programu nyingi sentensi ya ubao hujengwa kwa kuunganisha vipande viwili: jina la kifaa kutoka katika orodha moja, na hali yake kutoka katika orodha nyingine. Njia hiyo inafaa katika lugha ambayo umbo la hali halibadiliki. Katika Kiswahili huzaa sentensi kama "Kinu imesimama", "Mkanda imekatika" na "Chekeche imeziba". Msomaji anaelewa, ni kweli. Lakini kila siku anakumbushwa kwamba aliyeandika ubao huo hakuwa na haja naye. Tiba yake ni nyepesi. Katika orodha ya vifaa iongezwe safu moja ya ngeli, na kila hali iandikwe kwa shina lake, ili programu iweke yenyewe kiambishi kinachostahili: kinu kimesimama, mkanda umekatika, chekeche limeziba, mashine imezimika. Kazi hiyo ni ya siku chache kwa mtengeneza programu aliyekaa pamoja na mwanaisimu. Asiyekaa naye hatajua hata kwamba ipo.

La pili ni saa. Zamu ya usiku katika kiwanda nilichokitembelea huanza saa 1 jioni na kwisha saa 1 asubuhi. Kwa wafanyakazi, huo ni usiku mmoja na kazi moja. Ubao ulihesabu siku mpya kuanzia saa 6 usiku, na kwa hiyo ulikuwa ukiikata kila zamu ya usiku vipande viwili na kuvigawa katika tarehe mbili. Mtu aliyetaka kujua zamu ya Jumanne usiku ilikoboa magunia mangapi ilimpasa ajumlishe sehemu za siku mbili, na wengi hawakujua kwamba yapasa kufanya hivyo. Tena saa zenyewe ziliandikwa kwa hesabu ya 0 hadi 23, ambapo saa 2 usiku husomeka 20. Sisemi kwamba hesabu hiyo iondolewe, kwa kuwa taarifa za benki na za usafirishaji huihitaji. Nasema tu kwamba ubao ulio mbele ya mwendesha kinu uonyeshe saa anayoitumia mwendesha kinu, na kwamba siku ya kiwanda ianze zamu inapoanza.

5.0 Istilahi Tulizo Nazo

Hudhaniwa mara nyingi kwamba lugha ya kiwanda ni mpya, na kwa hiyo msamiati wake wote hauna budi kuundwa au kukopwa. Dhana hiyo haina ukweli. Msamiati wa kazi ya kukoboa umekuwapo tangu zamani katika ua wa nyumba, mikononi mwa wanawake: kinu, kukoboa, kupepeta, kuchekecha, kuchambua, pumba, makapi, chenga. Kinu kilikuwa gogo lililochimbwa. Leo ni mtambo wa chuma wenye mota, na hakuna aliyeona haja ya kukibatiza jina jingine. Ndivyo istilahi njema inavyokua: kitu hubadilika, jina likapanuka pamoja nacho. Ubao ulikuwa ukiziita punje zilizovunjika ZILIZOKATALIWA. Wanawake waliokuwa wakichambua waliziita chenga, kama wanavyoziita za mchele. Neno la pili ni fupi na linaeleweka, tena linatofautisha punje iliyovunjika na punje iliyooza, jambo ambalo neno la kwanza haliwezi.

Hali kadhalika katika karakana ya kiwanda, ambamo vipuri hutengenezwa na kurekebishwa. Kiswahili kina kitenzi kereza, yaani kuchonga kitu kwa kukizungusha, na nomino kerezo na mkerezaji. Kina keekee ya kutobolea, jiriwa ya kubania, tupa ya kusugulia, randa, patasi na bisibisi. Maneno haya ni ya mafundi, na mengi yalikuwamo katika kamusi kabla nchi hii haijapata kiwanda chake cha kwanza cha zana. Mashine ya kisasa inayokereza chuma kwa kuongozwa na kompyuta hufanya tendo lilelile; ubao unaoisimamia unaweza kusema inakereza, na mafundi watauelewa.

Wala eneo lenyewe si geni kwa chuma. Karagwe ilikuwa dola yenye wafua vyuma mashuhuri, na vifaa vya kifalme vya chuma vya Bweranyange vimeandikwa sana na wanahistoria. Upande wa Buhaya, utafiti wa Peter Schmidt na Donald Avery, uliochapishwa mwaka 1978, ulionyesha ustadi wa kale wa kuyeyusha chuma katika pwani ya magharibi ya Ziwa Victoria. Wajukuu wa mafundi hao hawastahili kudhaniwa kwamba hawana la kusema juu ya mitambo.

Nikumbushe pia kwamba si kila tafsiri ya neno kwa neno ni kosa. Ubao ulitumia LISHA kwa tendo la kutia kahawa katika kinu, nami nilidhani nimepata kosa jingine. Wafanyakazi walinishangaa. "Sisi tunalisha kinu kila siku, Mwalimu," walisema. Kumbe ndivyo wasemavyo. Tukio hili lilinifundisha kwamba mwanaisimu naye anaweza kukosea akihukumu akiwa mezani, kama programu inavyokosea.

6.0 Hoja Zinazopinga

Hoja ya kwanza hutolewa na wahandisi: kwamba lugha ya mashine ni Kiingereza, na kuibadilisha ni kuleta hatari. Historia ya viwanda vyetu haiungi mkono hoja hii. Kiwanda cha nguo cha Urafiki, Dar es Salaam, kilijengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 1968. Kiwanda cha zana za mashine cha Kilimanjaro kilijengwa kwa msaada wa Bulgaria katika miaka ya 1980. Mashine hazina lugha ya kuzaliwa. Zina lugha ya aliyeziuza. Wajapani walipotaka jina la taa ya kiwandani inayomwonyesha kila mfanyakazi kwamba kuna tatizo, walitumia andon, jina la taa yao ya karatasi ya zamani, na leo jina hilo hutumika katika viwanda vya dunia nzima. Hatari ya kweli ni ile ya mtu kuendesha kinu akiwa hajui kilichoandikwa mbele yake. Hata hivyo, nakubali sehemu moja ya hoja hii. Namba za vipuri, majina ya vidhibiti na alama za vipimo zibaki zilivyo, kwani fundi atazihitaji anapoagiza kifaa kutoka ng'ambo.

Hoja ya pili ni ya watu wa fani yetu: kwamba istilahi hazifai kutumika mpaka zisanifiwe. Tuna historia ndefu na ya heshima katika jambo hili, tangu Kamati ya Lugha ya mwaka 1930, kuundwa kwa BAKITA mwaka 1967 na TUKI mwaka 1970, chombo ambacho tangu 2009 ni sehemu ya TATAKI. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya mwaka 1990 ni ushahidi wa kazi iliyofanyika. Vilevile, programu ya ofisi iitwayo Jambo OpenOffice, iliyotolewa mwaka 2004 kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilionyesha kwamba kompyuta inaweza kusema Kiswahili. Lakini kazi hizo zilimlenga mwanafunzi na karani. Kiwanda hakiwezi kusubiri kikao; msimu wa kahawa ukianza, kinu huzunguka. Utaratibu ufaao ni kutumia kwanza maneno ya wafanyakazi, kuyaandika, kisha kuyapeleka BAKITA yakiwa na ushahidi wa matumizi. Usanifishaji uwe hatua ya mwisho ya safari hiyo, usiwe kizuizi cha mlangoni.

Hoja ya tatu ni nzito zaidi, na wasomi wa eneo hili wameniuliza: kwa nini Kiswahili, wakati wafanyakazi wengi wa huko huzungumza Kinyambo au Kihaya wakiwa kazini? Kinyambo kimefafanuliwa kwa kina, hasa katika sarufi ya Josephat Rugemalira ya mwaka 2005, na hakuna sababu ya kitaalamu ya kukidharau. Jibu langu ni la kimatumizi. Zamu moja huwa na watu wa lugha mbalimbali, na taarifa ya ubao husafiri hadi chama cha msingi, wilayani na mnadani, ambako Kiswahili ndicho kiungo. Hata hivyo, mlango wa lugha za jamii usifungwe. Neno butura, lenye maana ya kuuza kahawa ikali changa mtini kwa bei ya kutupa, limetoka huko na kuingia katika Kiswahili cha viongozi na magazeti, kwa sababu hakuna neno jingine lililoitaja dhuluma hiyo kwa ufupi kiasi hicho. Ubao nao uwe tayari kupokea neno la namna hiyo likijitokeza.

7.0 Mapendekezo

Kutokana na niliyoyaeleza, ninapendekeza utaratibu ufuatao kwa kila kiwanda kinachotaka kusasisha ubao wake, na kwa kila idara ya Kiswahili iliyo tayari kusaidia.

Kwanza, kabla ya neno lolote kubadilishwa, mwanaisimu au mwanafunzi wa shahada ya uzamili akae na kila zamu, ikiwamo ya usiku, na kuandika jinsi wafanyakazi wanavyotaja kila kifaa, kila tendo na kila sababu ya kusimama. Daftari za zamu na mbao za chaki zihifadhiwe, maana ni hazina ya lugha.

Pili, hali za mtambo ziainishwe kwa kufuata mnyambuliko: hali isiyo na mtenda itajwe kwa kitenzi kisicho na mtenda, na yenye mtenda itajwe kwa kutendwa. Pasipo ushahidi wa nani alifanya, ubao usiseme kwamba kuna aliyefanya.

Tatu, programu ipokee ngeli na saa kama nilivyoeleza katika sehemu ya 4.0.

Nne, maneno yajaribiwe kwa muda kabla hayajafungwa. Jaribio lenyewe ni rahisi: mfanyakazi asiyehusika asome ubao kwa sauti, kisha aeleze kilichotokea. Akieleza sawasawa, neno limefaulu.

Tano, namba inayomhusu mkulima ionyeshwe kwa maneno ya mkulima. Badala ya MAVUNO, ubao useme: maganda yaliyoingia, safi iliyotoka, chenga, na unyevu. Kiwanda kinachotamani kuaminiwa na vyama vya msingi kiweke skrini moja mahali ambapo mwenye kahawa anaweza kuisoma akiwa amesimama kando ya magunia yake.

Kuhusu jina la ubao wenyewe, sina ugomvi na dashibodi kwa gari. Kwa kiwanda ninapendelea ubao wa mitambo, kwa sababu wafanyakazi tayari walikuwa na ubao, nao uliandikwa kwa chaki.

8.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba ubao wa mitambo ni matini, na kwamba matini hiyo ina mwandishi, msomaji na matokeo. Tumeona kwamba tofauti ya kiambishi kimoja cha kitenzi iliweza kuwatia watu hatiani, kwamba kutotenganisha hali mbili kunaweza kupunguza ufanisi wa zamu kwa asilimia 7.5 katika hesabu tu, na kwamba neno moja la tafsiri liliweza kumfanya mkulima asijue anachosomewa. Tumeona pia kwamba maneno yaliyohitajika yalikuwapo tayari, vinywani mwa watu waliokuwa wakifanya kazi hatua chache kutoka kwenye skrini.

Nilipopata habari za mwisho kutoka kiwandani kule, uongozi ulikuwa umeagiza ubao usasishwe tena, na mara hii msimamizi wa zamu ya usiku alikuwa ameitwa kwenye kikao. Aliingia na karatasi aliyoinakili kutoka nyuma ya mlango wa bati. Ningependa wanafunzi wetu wa uzamili wanaotafuta mada za tasnifu wajue kwamba milango ya namna hiyo ipo katika vinu vya kahawa, viwanda vya sukari, vya pamba na vya chai katika nchi nzima, na kwamba chaki hufutika upesi.